Tuliyoyaona kwa Kuwasomesha Watoto Wetu Nyumbani

Watu wanaposikia kwamba tuliwatoa watoto wetu shuleni ili tuwasomeshe wenyewe nyumbani, wengi huwa wameshajipa jibu kabla ya kuuliza sababu. Wapo wanaodhani kwamba tuligombana na walimu, wapo wanaodhani kwamba ni suala la dini, na wapo wanaoamini kwamba tunawaona watoto wetu kuwa bora mno kuliko wenzao. Sababu yetu ilikuwa ndogo kuliko zote hizo: tulitaka kujua watoto wetu wanajua nini. Sizungumzii alama wala nafasi zao darasani, kwa kuwa hizo tuliletewa kila mwisho wa muhula kwenye karatasi iliyopigwa muhuri. Nazungumzia kujua kwa hakika kile walichokielewa, kile walichokikariri bila kukielewa, na kile walichokuwa wakikikwepa kwa ustadi ambao hakuna aliyewafundisha.

Mtoto wetu wa kati ndiye aliyetufungua macho. Alama zake za hesabu zilikuwa nzuri, kwa sababu kila zoezi lilitanguliwa na mfano uliofanywa ubaoni, naye alikuwa hodari wa kuufuata mfano hatua kwa hatua. Wakati wa likizo, mfano ukiwa haupo tena, nilimwomba ajumlishe nusu na theluthi, akaandika bila kusita kwamba jibu ni sehemu mbili za tano. Alikuwa amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake. Kosa hilo ni la kawaida sana, na mwalimu yeyote wa hesabu amelikuta mara nyingi. Kilichonishtua kilifuata baadaye. Nilipomuuliza kama mbili za tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu, alijua vizuri kwamba ni ndogo, lakini hakuona ajabu yoyote katika kuongeza kitu juu ya nusu na kupata kilicho chini ya nusu. Kwake hesabu za daftarini zilikuwa na kanuni zake, na akili ya kawaida ilikuwa na zake, na hizo mbili hazikuwa na sababu ya kukutana. Mwalimu wake, ambaye namheshimu hadi leo, alikuwa na darasa kubwa na vipindi vifupi, na hakuwa na njia ya kuligundua pengo hilo maadamu majibu ya mtihani yalikuwa sahihi. Sisi ndio tuliokuwa na nafasi ya kuligundua, na tulikuwa hatujaitumia.

Jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kusoma sheria, na yeyote anayelifikiria suala hili ningemshauri aanzie hapo kabla ya kununua kitabu hata kimoja, kwa sababu nchi hazifanani. Ibara ya 26 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, kisha ibara hiyohiyo inawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Mvutano wote wa sheria za nchi mbalimbali umo kati ya kauli hizo mbili. Katika England na Wales, sheria ya elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine, na maneno hayo machache ya mwisho ndiyo yanayozibeba familia zote zinazosomesha nyumbani. Nchini Marekani jambo hili linaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini yapo majimbo ambayo hayamdai mzazi hata taarifa, na yapo yanayodai mpango wa masomo, ripoti na mitihani. Ujerumani inawataka watoto wahudhurie shule, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa malalamiko ya wazazi waliotaka kuwasomesha watoto wao nyumbani huko. Sweden, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2010, inaruhusu kwa sababu za kipekee tu. Ufaransa, ambako zamani ilitosha mzazi kutoa taarifa, ilibadilisha sheria mwaka 2021, na tangu mwaka wa masomo ulioanza 2022 mzazi anapaswa kuomba kibali.

Hoja iliyozingatiwa katika kesi ile ya Ujerumani ilinikaa kichwani kwa muda mrefu. Ilisemwa kwamba jamii ina haki ya kuzuia kutokea kwa makundi yanayoishi yamejitenga na wengine, na kwamba shule ni mahali ambapo watoto wa makundi hayo hukutana. Sikubaliani na kumfungia mzazi mlango kabisa, lakini hoja yenyewe siipuuzi, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuiona kuwa nzito kuliko nilivyodhani mwanzoni.

Baada ya sheria lilikuja suala la nani ataacha kazi. Hapa nitasema wazi, kwa kuwa familia nyingi zinazosifia maisha haya huliruka swali hili kana kwamba masomo hujifundisha yenyewe. Mtu mzima mmoja lazima awepo nyumbani kwa sehemu kubwa ya siku, akili yake ikiwa pale, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Kwetu ilikuwa hivyo pia. Tulipiga mahesabu ya kipato cha mtu mmoja, tukaona kinatosha kwa kubana, kisha tukapiga hesabu nyingine ambayo ilikuwa ngumu zaidi, ya kile ambacho mimi ningekipoteza katika kazi niliyoijenga kwa miaka mingi na ambayo isingenisubiri. Mume wangu alikubali kuchukua hesabu na sayansi za jioni pamoja na mwisho wa juma, na tuliandika makubaliano hayo kwenye karatasi, jambo ambalo ndugu zetu walilicheka. Mimi silicheki, kwa sababu siku za uchovu ahadi za mdomo husahaulika upesi, na karatasi ile ilituepusha na ugomvi mwingi.

Mama mkwe hakucheka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea peke yake, atakua peke yake." Nilimjibu, "Nimekusikia, mama," nami kweli nilikuwa nimemsikia, kwa sababu alikuwa amesema kwa sentensi moja kile ambacho mahakama ya Ulaya ilikuwa imekiandika kwa kurasa.

Tulikuwa tumeonywa na familia iliyotutangulia kwamba kishawishi kikubwa cha mwanzo ni kuihamishia shule sebuleni, kwa kengele, ratiba ya vipindi, na mzazi kusimama mbele ya watoto watatu kana kwamba ni darasa. Kwa hiyo tulianza kwa kupunguza. Mwelimishaji wa Uingereza Charlotte Mason, aliyeishi kati ya mwaka 1842 na 1923 na ambaye mawazo yake bado yanafuatwa na familia nyingi zinazosomesha nyumbani, alipendekeza masomo mafupi kwa watoto wadogo, yasiyozidi dakika 20 au chini ya hapo, akiamini kwamba umakini ni tabia inayojengwa na kwamba somo refu humzoeza mtoto kutokuwa makini. Pia alitaka mtoto asomewe kifungu mara moja tu, kisha akisimulie kwa maneno yake mwenyewe bila kuulizwa maswali. Tuliyachukua mambo hayo mawili na kuyaacha mengine mengi.

Kusimulia kulitufundisha sisi wazazi kuliko kulivyowafundisha watoto. Maswali ya ufahamu humwonyesha mtoto mahali pa kutazama: ukimuuliza kwa nini mto ulifurika, umeshamwambia kwamba kufurika kwa mto ni jambo la maana. Ukimwambia tu "haya, nisimulie", huna cha kumsaidia wala yeye hana cha kukisia. Kifungua mimba wetu, ambaye shuleni alisifiwa kwa kusoma haraka, alikuwa akisimulia mwanzo na mwisho wa kila kifungu na kuuacha mwili wote wa katikati. Wa kati, aliyekuwa akisoma polepole hata akaitwa mzembe, alisimulia kwa mpangilio, akataja sababu na matokeo, na wakati mwingine akauliza swali ambalo mwandishi hakulijibu. Baada ya wiki chache za kusikiliza tu, picha niliyokuwa nayo juu ya watoto wangu wawili ilikuwa imepinduka.

Jambo lililofuata lilikuwa la muda. Masomo ambayo shuleni yalichukua siku nzima, nyumbani yalimalizika kabla ya mchana, na mwanzoni niliona haya kuwaambia watu, nikidhani watatuona wavivu. Sababu yake si ya ajabu. Darasani muda huenda kwenye kuita majina, kugawa madaftari, kuwatuliza wachache, kuwasubiri waliochelewa kuelewa na kuwashughulisha waliomaliza mapema, na hakuna mwalimu anayeweza kuliepuka hilo. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani Benjamin Bloom alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mwalimu wake binafsi, huku akitakiwa alimudu kila somo kabla ya kusonga mbele, aliwashinda takriban asilimia 98 ya wanafunzi waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tafiti zilizofuata zilipata faida ndogo kuliko hiyo, na sipendi namna takwimu ile inavyonukuliwa kama ahadi kwa kila mzazi. Hata hivyo mwelekeo wake unalingana na kile tulichokiona: mtoto akiwa na mtu mmoja mbele yake anayesubiri jibu lake, hawezi kujificha nyuma ya mwenzake aliyenyoosha mkono.

Mzazi naye hawezi kujificha, na upande huo ndio ambao hakuna aliyeniandaa nao. Shuleni mtoto akifeli yapo majina ya kugawana lawama: mwalimu, mtaala, wenzake, idadi yao darasani. Nyumbani kila pengo ninaloligundua ni langu siku hiyohiyo. Kuna majira niliamka usiku nikifikiria kuzidisha namba zenye tarakimu mbili. Tulilolitaka, yaani kujua watoto wetu wanajua nini, tulilipata lote, na tukagundua kwamba kujua huko kuna uzito wake, kwa sababu mtoto yeyote anayeangaliwa kwa karibu namna hiyo ataonekana kuwa na upungufu kila mahali. Ilinilazimu nijifunze kuliona pengo na kuliacha hadi wakati wake, na somo hilo lilinichukua muda mrefu kuliko somo lolote nililowafundisha wao.

Kitinda mimba ndiye aliyenipima zaidi katika hili. Alikaribia kutimiza miaka minane akiwa bado anasoma kwa kuunganisha silabi kwa taabu, ilhali dada yake katika umri huo alikuwa akisoma vitabu vizima. Nilijiliwaza kwa kukumbuka kwamba Finland watoto huanza shule ya lazima katika mwaka wanaotimiza miaka saba na hawaonekani kuharibikiwa, lakini faraja ya namna hiyo ina hatari yake, kwa kuwa mzazi anayesomesha nyumbani anaweza kuliita "kuchelewa kwa kawaida" jambo ambalo ni tatizo la kweli. Shuleni mwalimu huwaona watoto wengi wa umri mmoja, na aliye nyuma huonekana; mimi nilikuwa na mtoto mmoja wa umri huo na hakuna wa kumlinganisha naye. Kwa hiyo tulimpeleka kupimwa macho na masikio, kisha tukamwomba mtaalamu wa matatizo ya kusoma amsikilize. Macho yalihitaji miwani, masikio yalikuwa salama, na mtaalamu alituambia tuongeze mazoezi ya kutenganisha sauti za maneno kwa masikio kabla ya kurudi kwenye herufi. Tuliyafanya mazoezi hayo kama michezo, bila kitabu, na kusoma kulikuja kidogo kidogo. Kwa hiyo kila familia inayoanza huwa naiambia kwamba kama inajitoa kwenye mfumo unaompima mtoto, basi ijipangie wapimaji wake yenyewe, na wasiwe ndugu.

Kuhusu kukumbuka nitasema kwa ufupi. Tangu mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, inajulikana kwamba tunachojifunza husahaulika kwa kasi mwanzoni na kwamba marudio yaliyoachanishwa hukishikilia vizuri kuliko marudio ya mfululizo. Sisi tunatumia kadi katika sanduku lenye vyumba kadhaa, mbinu ambayo Sebastian Leitner aliieneza katika miaka ya 1970: kadi iliyojibiwa sawasawa husogea chumba cha mbele ambako huulizwa baada ya muda mrefu zaidi, na iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza. Kila mtoto ana sanduku lake, na limechukua nafasi ya mitihani yetu mingi.

Ugumu mwingine ulikuwa wa vyeo. Mtoto anayesoma shuleni akikasirishwa na mwalimu huja nyumbani kumlalamikia mama yake, lakini wangu walipokasirishwa na mwalimu hawakuwa na mama mwingine wa kumwendea. Mtoto anaweza kulia mbele ya mama yake kwa namna ambayo hawezi mbele ya mwalimu, naye hulijua hilo. Tulipata nafuu kwa kubadilishana masomo na familia nyingine. Mimi niliwafundisha watoto wao lugha na uandishi, na mama yao, ambaye amesomea kemia, akawafundisha wangu sayansi. Nilishangaa kuwaona wanangu wakikaa wima na kumwitikia yule mama kwa heshima ambayo mimi sikuwahi kuipata mezani pangu, na baadaye nilicheka nilipoambiwa kwamba wanawe nao hunyamaza ninapoingia.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa na wanafunzi takriban bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190 wakaathirika, marafiki wengi walinipigia simu kunipa pole kwa kuwa sasa wameelewa tunachokifanya. Niliwashukuru, lakini walichokuwa wakikifanya hakikuwa hiki. Wao waliletewa kazi na shule kupitia skrini, wakafuata ratiba ya mtu mwingine huku wakiendelea na kazi zao, bila kuchagua na bila kujiandaa. Walikuwa na mzigo wa nyumbani bila uhuru wake. Wapo hata hivyo waliobaki. Ofisi ya Sensa ya Marekani iligundua kwamba kaya zenye watoto wa umri wa shule zilizosema zinasomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 katika majira ya kuchipua ya mwaka huo hadi asilimia 11.1 katika majira ya kupukutika, na swali lilikuwa limefafanuliwa ili kutenganisha masomo ya nyumbani na masomo ya shule kwa njia ya mtandao. Nadhani wengi wao walibaki kwa sababu ileile iliyotuingiza sisi: kwa mara ya kwanza walikaa karibu na daftari la mtoto likiwa linaandikwa.

Sasa nirudi kwenye lile la mama mkwe. Swali la kwamba watoto watazoeana vipi na wenzao ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na wasomeshaji wa nyumbani wana jibu la haraka kwamba watoto wao wana marafiki tele, wamo katika kwaya na timu za michezo, na wanaongea na watu wazima bila woga. Yote hayo ni kweli kwa wanangu. Lakini jibu hilo halifiki kwenye kiini. Kila mtu ambaye wanangu walikutana naye alikuwa amepita kwanza mikononi mwangu: mimi ndiye niliyeichagua kwaya, niliyeijua familia, niliyekubali mwaliko. Shuleni mtoto huketishwa karibu na mwenzake ambaye wazazi wake wasingemchagua kamwe, na hulazimika kumaliza mwaka mzima naye. Sehemu hiyo ya shule sikuweza kuitengeneza nyumbani. Niliikaribia tu, kwa kuwapeleka kwenye timu ya michezo iliyo wazi kwa kila mtoto, ambako nilijizuia kwa makusudi kuwauliza kocha na wazazi wengine habari za kila mchezaji.

Jambo hili lina upande wa pili, ambao huzungumzwa kwa shida kwa sababu unaonekana kama tuhuma. Mwalimu ni miongoni mwa watu wa kwanza kuona kwamba mtoto ana michubuko, ana njaa au amebadilika ghafla. Mtoto anayesomea nyumbani anaweza kukaa muda mrefu bila kuonwa na mtu mzima yeyote asiye wa ukoo wake, na ingawa wazazi wengi hawana cha kuficha, mtoto aliye katika nyumba yenye cha kuficha hana wa kumwambia. Ndiyo maana sikasiriki serikali inapotaka kuwaona watoto wanaosomeshwa nyumbani, kama wanavyokasirika baadhi ya wenzangu. Kwetu kila mtoto ana mtu mzima mmoja nje ya nyumba aliyemchagua mwenyewe, ambaye anaweza kuongea naye faragha, nasi hatumuulizi wamezungumza nini. Binti yangu alimchagua mama wa kemia.

Mitihani ya taifa na ya kimataifa ilihitaji subira ya aina nyingine. Mtoto asiye na shule hufanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ugumu hauko kwenye maswali bali kwenye kupata kituo kitakachokubali kumsajili, kwa kuwa kituo hakilazimiki kumpokea. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, na masomo yenye kazi za mwaka zinazosahihishwa na mwalimu wa shule mara nyingi hayawezekani kwa mtahiniwa wa namna hii. Katika sayansi kuna bodi zinazotoa njia mbadala. Katika IGCSE ya Cambridge, yaani mtihani wa kimataifa wa sekondari, kwa mfano, ipo karatasi ya maandishi inayoweza kufanywa badala ya mtihani wa maabara. Inasaidia, ila mtoto aliyeifaulu bila kuwahi kushika chombo cha maabara bado hajafanya sayansi, na mzazi asijidanganye juu ya hilo. Tulianza kupanga masomo ya kifungua mimba kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya usajili, na masomo mawili aliyoyapenda tuliyaacha kwa sababu ya kituo tu.

Alipofikia madarasa ya juu ya sekondari aliomba mwenyewe kurudi shuleni, akisema kwamba anataka kubishana na watu wasiomjua tangu utotoni. Hatukumzuia. Walimu wake wapya walituambia kwamba alikuwa na mambo mawili yaliyowasumbua. Alikuwa haandiki kwa kasi mtihanini, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyewahi kumnyang'anya karatasi, na alikuwa akiendelea kuuliza baada ya kipindi kwisha, jambo lililowachosha wenzake kuliko walimu. La kwanza lilirekebishika kwa mazoezi. La pili amejifunza kulipunguza, nami kwa siri nilisikitika kidogo. Kilichonifurahisha ni kwamba anasema "sijaelewa" mbele ya darasa zima bila aibu, kwa sababu miaka yote hiyo neno hilo lilikuwa ndilo linaloanzisha somo mezani kwetu.

Wadogo zake wako njia panda. Wa kati hataki kusikia habari za shule, na kitinda mimba anataka kwenda kwa sababu dada yake anakwenda. Kila mwaka kabla ya shule kuandikisha wanafunzi, mimi na baba yao hukaa na kila mtoto peke yake na kuupitia mwaka uliopita: amesonga wapi, amekwama wapi, na ni nani anayeweza kumfundisha kinachofuata kuliko sisi. Kitinda mimba ataanza muhula ujao, na mwalimu atakayempokea tumeshampa taarifa ya yule mtaalamu wa kusoma. Suala la wa kati ni kemia, ambayo sisi wawili hatuiwezi tena katika kiwango chake, na ile familia tuliyobadilishana nayo masomo inahama. Tunamtafutia mwalimu mwenye maabara. Tusipompata kabla ya uandikishaji kufungwa, ataingia shuleni pamoja na dada yake, naye tumeshamweleza hivyo.